Figo la Mnyama Aliyekufa Linatuambia Nini?

Somo kwa kamati za parokia zenye miradi ya mbuzi na kondoo



Ndugu wanakamati na wafadhili wetu, wengi wenu mnaufahamu utaratibu wa "kopa mbuzi, lipa mbuzi". Familia hupewa jike mmoja au wawili, huwatunza, kisha hurudisha jike wa kwanza atakayezaliwa ili apewe jirani mwingine mwenye shida. Mikataba mingi ya miradi hii ina kifungu kimoja kifupi: mnyama akifa kwa ugonjwa, hasara ni ya mradi, akifa kwa uzembe, mkopaji atalipa.

Kifungu hicho ni rahisi kukiandika, lakini ni kigumu kukitekeleza. Chukueni mfano wa mjane wa Enguserosambu aliyepewa kondoo wawili. Jioni wameingia zizini wakiwa wazima. Alfajiri mmoja, tena yule aliyenona, amekutwa amekufa. Kamati inakutana siku ya tatu, na wakati huo mzoga umekwisha kuliwa na fisi. Hakuna kilichobaki ila maneno. Huyu anasema mama hakumlisha vizuri. Yule anasema ni kijicho cha jirani. Mwingine anasema ametiwa sumu. Mama hana la kujitetea, na kamati haina ushahidi wa kumhukumu wala wa kumwachilia.

Ushahidi ungeweza kupatikana ndani ya mzoga wenyewe. Makala haya yanaeleza kiungo kimoja tu, yaani figo: hubadilikaje mnyama anapougua, mabadiliko hayo yana maana gani, na kwa nini figo lililocheleweshwa huweza kutudanganya.

MFUGAJI SI MGENI WA JAMBO HILI

Enguserosambu ni kata ya tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, mkoa wa Arusha, karibu na mpaka wa Kenya. Ni nchi ya juu yenye msitu wa asili ambao wenyeji wameutunza kwa taratibu zao tangu enzi za mababu, na chemchemi zake ni tegemeo la mifugo wakati wa kiangazi.

Mfugaji wa Kimaasai hakungoja semina ndipo aanze kuchunguza mnyama. Anapochinja hutazama ini, nyongo, bandama na mapafu, na magonjwa anayajua kwa majina. Ndigana kali huiita oltikana. Ugonjwa unaomfanya ng'ombe azunguke kama aliyerukwa na akili huuita ormilo. Kimeta hukiita emburuo. Elimu hii ni mali, na afisa mifugo mwenye busara huanza kwa kuisikiliza.

Yapo mambo mawili tunayoomba yaongezwe kwenye elimu hiyo. La kwanza ni kulitazama figo kwa makini zaidi. La pili ni kuangalia saa.

FIGO ZIMA LIKOJE?

Kazi ya figo ni kuchuja damu. Hutoa uchafu na maji yaliyozidi, navyo hutoka kama mkojo. Kwa kuwa damu nyingi hupita humo kila dakika, sumu au vijidudu vilivyomo kwenye damu hulifikia figo upesi. Ndiyo maana kiungo hiki hubeba alama za magonjwa mengi.

Figo la mbuzi au kondoo lina umbo la harage na uso wake ni sawasawa. La ng'ombe lina vinundu vikubwa kama mkungu uliobanana. Yote mawili yamefunikwa na utando mwembamba. Kwa mnyama mzima utando huo huchubuka kwa urahisi, na figo huwa gumu kiasi, halibonyei ovyo kwa kidole. Ukilipasua kwa urefu utaona sehemu mbili, ya nje na ya ndani, zenye rangi tofauti na mpaka unaoonekana wazi. Kama utando umeng'ang'ania na uso una makovu, hiyo huwa ni dalili ya ugonjwa wa zamani.

Ni vema kila mwanakamati aliyeteuliwa kusimamia mifugo alishike figo la mnyama mzima siku ya kuchinja kwa sikukuu. Asiyelijua figo zima hawezi kulitambua lililoharibika.

MABADILIKO YANAYOWEZA KUONEKANA

1. Madoa meupe. Kwa ng'ombe aliyekufa kwa ndigana kali, mara nyingine uso wa figo huwa na madoa meupe yaliyoinuka kidogo. Si usaha. Ni chembe nyeupe za damu zilizojikusanya kwa wingi kutokana na vijidudu viletwavyo na kupe. Madoa yanayofanana na hayo huweza kutokea pia kwa ng'ombe aliyepata ugonjwa wa nyumbu, ambao huenezwa na ndama wa nyumbu katika mbuga za nyasi fupi miezi ya mwanzo wa mwaka. Vijidudu vya homa ya mgunda, ugonjwa uliotangazwa mkoani Lindi mwaka 2022, navyo hukaa ndani ya figo na kutoka na mkojo. Kwa hiyo madoa meupe peke yake hayatoshi kutaja jina la ugonjwa, lakini yanatosha kumwita mtaalamu.

2. Figo jeusi na mkojo mwekundu. Chembe nyekundu za damu zinapopasuka kwa wingi, rangi yake huchujwa na figo. Figo hugeuka jeusi, na kibofu huwa na mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa. Kwa ng'ombe, sababu moja inayojulikana sana ni ugonjwa wa kupe wa kukojoa damu. Kwa kondoo, madini ya shaba yakizidi mwilini huleta hali kama hiyo. Mradi unaonunua chumvi ya ng'ombe na kuwalambisha kondoo ukumbuke jambo hili, maana kondoo hastahimili shaba kama ng'ombe.

3. Figo lililojaa maji. Madume, hasa waliohasiwa, hupata vijiwe vinavyoziba njia ya mkojo. Mkojo hurudi nyuma, kibofu hujaa au kupasuka, na figo huvimba kama mfuko.

4. Mifuko ya maji ya minyoo ya mbwa. Mingi hukaa kwenye ini na mapafu, lakini huonekana kwenye figo pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu mifugo iliyochinjwa wilayani Ngorongoro ulionyesha kuwa ugonjwa huu umeenea sana kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mbwa akila kiungo chenye mfuko huo hupata minyoo, mayai hutoka na kinyesi chake, na mtoto anayecheza na mbwa huweza kuyameza. Uvimbe huo humea ndani ya mwanadamu kwa miaka kabla ya kujulikana. Kiungo chenye mfuko kichomwe au kizikwe mahali ambapo mbwa hafikii. Kisitupwe.

5. Figo tepetepe. Hili ndilo lenye mafunzo mengi kwa miradi yetu, na tutakaa nalo zaidi.

UGONJWA WA FIGO TEPETEPE

Turudi kwa yule kondoo wa mjane. Alikuwa amenona, hakuonyesha ugonjwa wowote, akafa usiku. Kwa mfugaji, jambo hili ndilo linaloleta mashaka. Mbona afe aliye bora na kudhoofu abaki?

Upo ugonjwa wenye tabia hiyo hiyo, nao hutokea karibu kila nchi inayofuga kondoo. Wataalamu huuita enterotoksemia. Wafugaji wa nchi nyingi huuita ugonjwa wa figo tepetepe. Huletwa na bakteria wanaoishi ndani ya utumbo wa mnyama hata akiwa mzima. Wakiwa wachache hawana madhara. Lakini mnyama akibadilishiwa chakula ghafla, kwa mfano akitoka kwenye majani makavu akaingia kwenye nyasi changa baada ya mvua, au akipewa pumba na mahindi mengi kwa mara moja, chakula kingi ambacho hakijasagwa vizuri hushuka utumboni. Bakteria hao huzaana upesi na kutoa sumu. Sumu huingia kwenye damu, hulegeza mishipa midogo, hushambulia ubongo, na mnyama hufa kwa muda mfupi, mara nyingine ndani ya saa chache.

Sasa tunaelewa kwa nini hufa aliyenona. Ndiye aliyekula zaidi, na mwanakondoo anayekufa huwa ni yule mwenye mama mwenye maziwa mengi. Si kijicho wala uzembe. Kinyume chake, mara nyingi ni mnyama aliyetunzwa kwa upendo, akapewa kingi kwa haraka mno.

Katika Australia Magharibi, daktari wa mifugo H. W. Bennetts aliuchunguza ugonjwa huu kwa kondoo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1932. Kazi ya namna hiyo ilifungua njia ya chanjo, na leo chanjo dhidi ya ugonjwa huu hutumika duniani kote.

Kwa mbuzi sura ya ugonjwa ni tofauti kidogo. Mara nyingi mbuzi huharisha, pengine na damu, na utumbo wake huonyesha uharibifu kuliko figo. Mwanakamati asiseme, "Figo la mbuzi huyu ni gumu, basi si ugonjwa ule."

FIGO LILILOCHELEWA HUDANGANYA

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Figo ni miongoni mwa viungo vinavyooza mapema. Mzoga ukilala juani, au ukiwa wa kondoo mwenye manyoya mengi yanayohifadhi joto, figo lolote litakuwa tepetepe baada ya saa kadhaa, hata kama mnyama alikufa kwa kuumwa na nyoka.

Ugonjwa tulioueleza hufanya figo lilainike mapema kuliko kawaida, wakati ini na viungo vingine bado ni vigumu. Tena mzoga ukifunguliwa mara tu baada ya kufa, figo huweza kuonekana zima kabisa, kwa kuwa kulainika huko hutokea hasa baada ya mnyama kufa. Kwa hiyo figo tepetepe lililoonekana saa mbili au tatu baada ya kifo lina uzito. Figo tepetepe lililoonekana siku ya pili halithibitishi lolote. Kamati inayosema, "Tumeona figo limelainika, basi ni ugonjwa," bila kujua mnyama alikufa saa ngapi, inaweza kukosea sawasawa na ile iliyosema ni uzembe.

Ndiyo maana daktari wa mifugo hatazami figo peke yake. Huangalia kama kuna maji kwenye mfuko wa moyo, ambayo yakipata hewa huganda. Hupima sukari kwenye mkojo uliobaki kibofuni, kwa kuwa sumu hii huweza kupandisha sukari. Hukusanya uchafu wa utumbo mdogo ili sumu yenyewe itafutwe maabara. Zaidi ya yote, kwa kondoo huchukua ubongo. Wataalamu wa leo wanakubaliana kwamba chini ya darubini, mabadiliko kwenye mishipa midogo ya ubongo ni ushahidi wa kuaminika kuliko figo. Figo hutupa shaka ya kwanza. Hukumu hutoka kwa viungo vingi vikisemeana.

Vipande vya figo na viungo vingine kwa ajili ya darubini vikatwe vyembamba, visizidi unene wa sentimita moja, viwekwe kwenye fomalini iliyo mara kumi ya ujazo wake. Visigandishwe. Barafu hupasua tishu na kuziharibu, lakini fomalini huzisimamisha zibaki jinsi zilivyokuwa. Kutoka Loliondo hadi maabara ya mifugo Arusha ni safari ndefu, na kipande kilichohifadhiwa hivyo huivumilia bila shida. Fomalini ni sumu. Ishikwe na mtaalamu, wala isiwekwe kwenye chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuinywa.

KABLA YA KISU: KIMETA

Tumesema mzoga ufunguliwe mapema. Lakini upo mzoga ambao haufunguliwi kabisa. Kimeta nacho huua ghafla. Ikiwa damu nyeusi isiyoganda imetoka puani, mdomoni au nyuma, ikiwa mzoga umevimba upesi mno na haukukakamaa, msiupasue, msiuchune, msile nyama yake. Mkiupasua, vijidudu vikapata hewa hujijengea ganda gumu na kukaa ardhini kwa miaka mingi, vikingoja mifugo na watoto wenu. Mwishoni mwa mwaka 2016 kimeta kiliua mifugo na nyumbu wengi huko Selela, wilayani Monduli, ambako si mbali nasi.

Afisa mifugo akiwa na shaka huchukua kwanza tone la damu kutoka kwenye mshipa wa sikio na kulipima. Mzoga wa kimeta huchomwa, au huzikwa kwenda chini angalau mita mbili na kufunikwa kwa chokaa. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka magonjwa ya namna hii yatolewe taarifa serikalini bila kuchelewa. Faida yake tuliiona hapa kwetu. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilipothibitishwa nchini mwaka 2008, ilithibitishwa katika wilaya ya Ngorongoro, kwa sababu mizoga na sampuli viliwafikia wataalamu.

Tunajua pia kwamba wengi hupenda kula figo na ini vikiwa vibichi mara baada ya kuchinja. Kwa mnyama aliyekufa mwenyewe, tunaomba desturi hii iachwe kabisa. Tunajua ni vigumu kutupa nyama wakati wa njaa, lakini uhai wa mtoto ni zaidi.

KAMATI IFANYE NINI?

1. Iandike kwenye mkataba kwamba mnyama akifa, mkopaji atatoa taarifa siku hiyo hiyo kwa mjumbe wa karibu, akitaja saa aliyemwona mzima mara ya mwisho na saa aliyemkuta amekufa. Saa hizo mbili ziandikwe daftarini kabla ya jambo lingine.

2. Mzoga uwekwe kivulini, mbwa na watoto wazuiwe, na afisa mifugo wa kata apigiwe simu. Asipasue mtu asiyefundishwa, wala mtu asiye na glavu.

3. Mkopaji asihesabiwe kuwa na hatia mpaka uchunguzi umefanyika. Kama uchunguzi haukuwezekana kwa sababu mtaalamu hakufika, hilo si kosa la mkopaji.

4. Chanjo itangulie ugawaji. Dhidi ya figo tepetepe, mnyama huchanjwa mara mbili kwa kuachana wiki nne hadi sita, kisha hurudiwa kila mwaka. Kwa mbuzi kinga haidumu sana, hivyo hurudiwa mapema zaidi kwa ushauri wa daktari. Majike wenye mimba wakichanjwa wiki chache kabla ya kuzaa, watoto hupata kinga kupitia maziwa ya mwanzo.

5. Mkopaji afundishwe kubadilisha chakula kidogo kidogo. Mvua zikianza, kondoo wapewe majani makavu asubuhi kabla ya kutoka, wasiingizwe kwenye nyasi changa wakiwa na njaa.

NENO KWA WAFADHILI

Wafadhili wetu wapendwa, taarifa za miradi mara nyingi husema ni wanyama wangapi wamegawiwa. Tunawaomba muulize pia wangapi wamekufa, na kwa sababu gani. Kwenye bajeti ya mradi iwepo sehemu ya glavu, visu, chupa za sampuli, fomalini na nauli ya afisa mifugo. Ni fedha kidogo ukilinganisha na bei ya kundi, lakini zisipokuwepo, kila kifo kitaendelea kuwa fumbo, na chanjo itanunuliwa kwa kubahatisha.

Kitabu cha Mithali, sura ya 27, kinamwagiza mfugaji ajitahidi kuijua hali ya kundi lake. Kwetu sisi, kuijua hali ya kundi ni pamoja na kujua aliyekufa alikufa na nini. Yule mjane anastahili kamati inayouliza, "Alikufa saa ngapi?" kabla ya kuuliza, "Ni kosa la nani?" Akipata jibu la kweli, hatabeba lawama isiyo yake, na jirani yake hatasingiziwa kijicho. Na yule kondoo wa pili aliyebaki zizini atachanjwa kabla mvua hazijaanza.